Vyombo vya Baba na Mahali pa Kila Kimoja

Mwezi huu wazazi wengine walituomba tuandike juu ya sanduku letu la vyombo vya useremala, kwa sababu kila anayepita kwetu jioni anauliza swali lile lile: inakuwaje msumeno wenu hauna kutu na mvua yote hii? Basi tuandike. Sisi si mafundi wakubwa. Asubuhi tunafundisha watoto, mchana tunarudi nyumbani kupiga randa, tunatengeneza viti, meza, vitanda na milango ya majirani. Kazi ni ya familia, sisi ndugu watatu na mama yetu, ambaye hesabu ya pesa iko kwake.

Baba alikuwa seremala huko Aru, Congo. Tulipovuka Vurra kuingia Uganda yeye alikuwa ameshafariki, na mama alibeba vyombo vyake vimefungwa ndani ya kitenge: msumeno mmoja, randa moja, patasi mbili, nyundo na guni la kupimia kona. Watu njiani walimcheka, wakisema mwenzetu anakimbia na vyuma badala ya sufuria. Sufuria tulipewa baadaye. Randa hakuna anayegawa.

Kabla ya kuja hapa kambini tulikaa miezi kadhaa Logiri, kwa familia moja inayojuana na wajomba zetu. Pale jirani kuna mzee seremala, Mlugbara, na Kiswahili chake ni cha Congo kabisa, kuliko hata chetu. Kumbe naye alikuwa mkimbizi. Mnajua kwamba baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, na hasa vita ilipofika huku mwaka 1980, watu wa West Nile walikimbia kwa wingi sana kwenda Zaire na Sudan. Huyu mzee alikwenda upande wa kwetu, akajifunza useremala kwetu, akarudi kwao na sanduku. Kwa hiyo alipotuona na kile kitenge hakuuliza maswali mengi. Alikifungua, akatazama msumeno wa baba, akatikisa kichwa. Meno yalikuwa yamegongana na patasi njia nzima.

Karakana yake ni nyumba ndogo ya udongo na nyasi, kama hizi zetu. Lakini ukiingia unashangaa, hakuna chombo hata kimoja kilicholala chini, na hakuna kilichotundikwa ukutani. Ukuta wa udongo haushiki msumari, kila mtu anajua. Unapiga leo, kesho kutwa umeanguka na kipande cha ukuta. Tena udongo unanyonya maji ya mvua kutoka nje, na chuma kikigusa ukuta huo usiku mmoja tu kinaanza kuwa chekundu. Na mchwa wanapanda kwa ukuta, wanajenga vijia vyao vya udongo mpaka wafike kwenye mpini. Chuma hawali, lakini mpini wanaumaliza kutoka ndani, na wewe unauona mzima mpaka siku unapiga nyundo na mkono unabaki na ganda. Kwa hiyo mzee alisimamisha fremu ya miti minne katikati ya nyumba, mbali na ukuta kama mkono mmoja, akafunga ubao juu yake, na vyombo vinakaa kwenye ubao. Miguu ya fremu imesimama ndani ya mikebe yenye oili chafu ya pikipiki. Mchwa hawavuki oili. Unachungulia tu mikebe kila wiki, kwa sababu unga wa mbao ukijaa juu ya oili unakuwa daraja.

Hiyo fremu ndiyo tuliyoijenga hapa, na mbao tulizotumia zilikuwa za kreti ya sokoni, hatukununua hata moja.

Sasa jinsi tunavyopanga. Msumeno unatundikwa kwa mpini wake, meno yameangalia ukuta, na juu ya meno tunavisha tyubu ya baiskeli iliyopasuliwa urefu wake. Tyubu ya zamani unaipata bure kwa fundi baiskeli. Kazi yake ni mbili, inalinda meno yasigongwe na inalinda vidole vya watoto. Msumeno ukitupwa ndani ya sanduku pamoja na nyundo na patasi, kila ukitikisika meno yanakula chuma, na kunoa meno ya msumeno kwa tupa ya pembe tatu ni kazi ya nusu siku, tena tupa yenyewe inaisha. Mtu anasema msumeno huu ni mbaya, haukati. Saa ingine si mbaya. Umelala vibaya.

Randa inalala kwa ubavu, haisimami kwa tumbo lake, ili kisu kisiguse ubao. Mwisho wa kazi tunarudisha kisu ndani kidogo. Patasi tuliwashonea mfuko wa gunia wenye vijumba, kila patasi na kijumba chake, halafu unaukunja kama mkeka na kuufunga kamba. Tunasema gunia, si shitingi. Wengi hapa wanafunga vyombo kwa kipande cha turubai kwa kuwa lipo na halipitishi maji. Ni kweli halipitishi, lakini haliyatoi pia. Jasho la mkono wako, unyevu wa hewa ya usiku, vyote vinabaki ndani vimefungiwa na chuma. Kutu inahitaji vitu viwili tu, maji na hewa, na chumvi ya jasho inaiongezea mwendo. Gunia linapumua.

Na unga wa mbao msiuache juu ya chuma. Tumeona mafundi wanaacha randa kwenye lundo la maranda usiku kucha wakidhani linaifunika. Maranda yananyonya unyevu kama sifongo, asubuhi randa ina madoa. Piga brashi, pangusa kwa kitambaa kikavu, halafu kitambaa kingine chenye mafuta. Mafuta gani? Hapa tunabishana na watu kila siku. Mafuta ya kupikia hayafai kwa muda mrefu, yanaganda na kunata kama gundi, na vumbi linashika humo. Tena ni ya kula. Sisi tunatumia oili ya injini kidogo sana, tone tu, na kabla ya kuanza kazi tunaipangusa yote, maana ikigusa mbao nyeupe doa halitoki na mteja hatalipa. Mama anaweka pia vipande vya mkaa ndani ya sanduku la vitu vidogo, vinavuta unyevu. Kila Jumamosi jua likiwaka vinaanikwa na kurudishwa. Mkaa ule ule, miezi na miezi.

Mvua ya huku tunaijua, inaanza kama Aprili na kwenda mpaka kama Novemba. Lakini kiangazi nacho kina mambo yake. Kuanzia Desemba mbao zote zinakauka na kusinyaa, na kichwa cha nyundo kinaanza kucheza kwenye mpini. Msikitumbukize kwenye maji. Ni kweli kinakaza siku hiyo, kwa sababu mbao imevimba, lakini mbao iliyovimba ndani ya tundu la chuma inajiminya yenyewe, na ikikauka tena inakuwa nyembamba kuliko mwanzo. Halafu kichwa kinaruka, na kwenye nyumba zetu hizi kuna mtoto kila upande. Piga kabari ya mbao ngumu juu, basi.

Kitu ambacho wageni wanakipenda zaidi ni ule ubao. Kila chombo tulikilaza kwenye ubao, tukachora mzunguko wake kwa mkaa, halafu tukapita juu kwa rangi nyeusi iliyobaki kwenye mlango wa mteja. Kwa hiyo kikiondoka, umbo lake linabaki linakuangalia. Hata mtoto wa miaka minne anajua pa kurudisha koleo. Kwenye simu ya rafiki tuliona picha ya sanduku la Henry Studley, fundi wa piano wa Marekani aliyefariki mwaka 1925. Linatundikwa ukutani na lina vyombo zaidi ya 200, kila kimoja kimekatiwa nyumba yake, hakuna nafasi ya kuingiza hata kidole. Ni kazi ya ajabu. Sisi wakati ule tulikuwa na 19, na kila kimoja na umbo lake.

Lakini tueleze sababu kubwa ya ubao ule, maana si uzuri. Ni kuazimana. Hapa kambini huwezi kumnyima jirani msumeno, yeye ndiye aliyekusaidia kuezeka. Lakini chombo kilichoazimwa kinazunguka: wa kwanza anampa shemeji yake, shemeji anampa mtu wa block nyingine, na wiki ya tatu hakuna anayekumbuka. Ugomvi wa namna hiyo tumeuona ukifika kwa wazee wa block. Kwa hiyo pale kwenye umbo tupu tunatundika kipande cha kadibodi chenye jina la aliyechukua na siku. Mwanzoni watu wengine walikasirika, walisema tunawaandika kama wezi. Mama aliwajibu kwamba hata sisi tukichukua tunajiandika, na ni kweli, jina letu liko hapo kila siku. Sasa hivi hakuna anayesema kitu. Patasi za kazi nzuri na randa haziazimwi, mtu anakuja kufanyia kazi hapa hapa kwenye benchi. Hilo ni la mzee wa Logiri, na hatulibadilishi.

Sasa tufike mahali pagumu. Mnakumbuka wote mwaka 2023, WFP ilipotugawa kwa makundi matatu. Nyumba yetu iliwekwa kundi la pili, la katikati. Halafu Mei 2025, kwa kukosa fedha, chakula kikakatwa kwa wakimbizi karibu milioni 1 Uganda nzima, na sisi tulikuwa ndani ya hesabu hiyo. Wiki hizo, sokoni mlikuwa mnaona vyombo vya mafundi vimepangwa chini kama nyanya. Misumeno, randa, hata cherehani. Wanunuzi walitoka mjini na walijua tuna njaa, bei ilikuwa ya kumtia mtu aibu.

Mama alisema tuuze randa ya baba. Hakusema kwa ubaya. Alisema kitenge kilibeba vyuma ili vitulishe, na sasa ndiyo saa ya kulisha. Kaka mkubwa alinyamaza siku mbili nzima. Jioni ya tatu tulikaa wote mbele ya ubao na taa, mama akiwa na daftari lake, tukaanza kuuliza kila umbo: wewe mwezi uliopita ulituletea nini? Hapo ndipo daftari na ubao vilisaidiana. Randa, misumeno, nyundo, guni na patasi zilikuwa kwenye kila kazi, bila hizo hakuna hata kiti kimoja. Lakini keekee ile kubwa tuliyonunua Arua ilikuwa imefanya kazi mara mbili tangu Krismasi. Jiriwa ya chuma, mara moja. Gango mbili ndefu, tunaweza kufunga kwa kamba na kabari kama zamani.

Tuliuza hivyo vinne, keekee, jiriwa na zile gango, na hatukuvipeleka sokoni. Tulikwenda navyo Logiri kwa mzee, kwa kuwa yeye ana wanafunzi na anajua bei ya kweli. Vilikuwa vimepakwa mafuta, havina hata doa, na keekee bado ilizunguka kimya. Alivinunulia wanafunzi wake, akalipa karibu mara mbili ya ile bei ya sokoni, na alisema wazi kwamba ziada ile ni kwa ajili ya utunzaji. Tulinunua mahindi na maharage ya miezi miwili, na mbao za tiki za kutengeneza vitanda vitatu. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea, kwa hiyo vitanda viwili viliuzwa nje ya kambi, ambako pesa ipo kidogo. Cha tatu bado kiko hapa, mteja alitoa nusu na nusu hatujaiona.

Mama mpaka leo anaamini randa ingeleta pesa zaidi. Na ni kweli ingeleta. Hatujamaliza mazungumzo hayo, na chakula hakijarudi kwetu, kwa hiyo huenda tutakaa tena mbele ya ubao. Maumbo manne meusi yako wazi hatujayafuta. Mdogo wetu amependekeza tuyapake chokaa, kaka amekataa.

Wazazi ambao wana vyombo vya marehemu au vya fundi aliyesafiri, vikiwa vimefungwa chini ya kitanda, tafadhali vifungueni wiki hii kabla mvua haijakolea, angalieni mipini kama ina vijia vya mchwa. Na kwa vijana, kila Jumamosi baada ya saa nane tunanoa misumeno kwenye benchi letu, hatutozi pesa, ila kila mtu aje na tupa yake. Yetu imebaki upande mmoja.