SURA YA YATIMA NI AMANA



Ndugu zangu, wengi mmeniandikia kuhusu ile aplikesheni ambayo vijana wa msikitini kwetu hapa Bagamoyo wanaitengeneza kwa ajili ya kampeni ya watoto yatima, Ramadhani ijayo inshaAllah. Wengine mmesikia kwamba imamu ameipiga marufuku. Sikuipiga marufuku. Nilikataa jambo moja ndani yake.

Kwanza mjue inavyofanya kazi. Karatasi inachapwa picha maalumu. Vijana wamechagua mgongo wa ratiba ya futari, maana ile haikosi kila nyumba. Unaielekezea kamera ya simu, programu inaitambua ile picha, inapima karatasi imelalaje, kisha inachora kitu juu yake. Ukizunguka, unakiona kama kipo mezani kwako. Wataalamu wanauita uhalisia ulioongezwa. Mzee mmoja aliniuliza kama si mazingaombwe. Si mazingaombwe, ni hesabu.

Sasa, mpango wao wa kwanza ulikuwa huu: binti wa miaka tisa, yatima wa kweli, apigwe picha pande zote, mtoaji akiinua simu amwone amesimama sebuleni kwake anaeleza shida zake. "Sheikh, watu wakimwona kwa macho watatoa," akaniambia kijana. Tena alikuja na dalili. Akanikumbusha hadithi ya Jarir bin Abdillah katika Sahih Muslim: watu wa Mudhar walifika Madina karibu uchi kwa ufukara, uso wa Mtume (S.A.W.) ukabadilika kwa kuwaona, akahutubia, watu wakatoa hadi nguo na vyakula vikawa malundo mawili, na uso wake ukang'ara. Je, haikuwa kuona ndiko kulikowasukuma?

Nilifurahi, maana huyu nilimsomesha mimi juzuu amma. Lakini nikamwambia: mwanangu, wale walikuja kwa miguu yao, wakapewa, wakaondoka, na hakuna Sahaba aliyebaki na sura zao mfukoni. Huyu binti atabaki ndani ya simu za watu asiowajua. Miaka kumi ijayo atakuja kuposwa, na huko Zinga au Kerege mtu atasema, "Si ndiye yule tuliyemchangia godoro?" Suratul-Baqara aya ya 264 inatuonya kwamba masimango na maudhi huiharibu sadaka. Hapa masimango yangekuwa yameshapakiwa tayari, yanasubiri mtu wa kuyafungua.

Wakasema bibi yake ameridhia. Nikauliza, aliulizwa lini? Kumbe siku ileile aliyopelekewa unga. Atakataaje, na kiroba bado kiko mlangoni? Isitoshe, Suratul-An'am aya ya 152 inakataza kuikaribia mali ya yatima ila kwa njia iliyo bora zaidi kwake. Hiyo ni mali, inayoweza kurudishwa ikipotea. Mimi naona sura yake na habari zake zina haki zaidi ya kulindwa, kwa kuwa zikishasambaa hazirudi. Na sheria ya nchi nayo ipo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti.

Basi tufanye nini, tuache? Hapana. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliwahi kutoa aplikesheni ya namna hii kuhusu watoto wa vitani. Walichokiweka mbele ya mtazamaji ni chumba cha mtoto, kinavyobadilika vita vinapoendelea. Chumba tu, na watu waliguswa.

Vijana wetu wamefuata njia hiyo. Ukielekeza simu sasa utaona chumba kitupu: kitanda bila godoro, ndoano ya chandarua bila chandarua, marufaa bila msahafu. Michango ikiingia, vitu vinajitokeza kimoja kimoja. Hapo nikaweka sharti ambalo lilitukalisha hadi karibu na Isha: godoro la kwenye simu lisitokee kabla godoro la dukani halijalipiwa na risiti kuonwa na watu wawili wa kamati. Kijana alitaka litokee papo hapo mtu anapotuma pesa, eti ndivyo watu wanavyopenda. Nikasema huo ni ughushi, na Mtume (S.A.W.) alijitenga na mwenye kughushi. Litokee siku tatu baadaye, hakuna neno.

Na wenye vitochi hawakusahauliwa. Namba ya kulipia imechapwa kwa herufi kubwa palepale chini ya picha, kwa sababu katika uzoefu wangu wavuvi na mama lishe ndio hutangulia kutoa, nao wengi hawana simu za kamera nzuri.

Kwa sasa wanaijaribu kwenye simu za bei ndogo, kwani kwenye baadhi yao kile kitanda kinaelea hewani. Mwenye ujuzi wa kuwasaidia aje msikitini baada ya Alasiri. Na wale mlioanza kunitumia picha za watoto wa jirani "kwa ajili ya kampeni", nimezifuta. Tafadhali zifuteni nanyi.

Wallahu a'lam.