Nilikwenda Sigi kumkimbia punda

Kuna wanaokimbia wadeni, wengine hukimbia wachumba. Mimi mwenzenu nilimkimbia punda. Cheka tu, lakini ngoja kwanza nikusimulie.

Ukiacha hii kalamu, kazi yangu ni kushona matandiko ya farasi. Hatamu, vigwe, mikanda ya tumboni, vyote kwa mkono, sindano ya gunia na uzi uliopakwa nta, ndani ya chumba kimoja pale Tanga. Nilimaliza fomu foo nikakaa kijiweni mwaka mzima, mpaka mjomba wangu fundi viatu alipochoka kuniona nikapiga soga, akanifundisha ngozi. Tatizo ni kwamba farasi Bongo hii ni wa kuhesabu. Wapo kwenye mashamba ya Arusha na Usa River, wanapandwa na watalii, na hatamu ikishonwa vizuri inakaa miaka. Ukimtegemea farasi peke yake utalala njaa. Anayeninunulia unga ni punda.

Sasa mteja mmoja wa Arusha, mwenye punda wanne wa kubeba maji, akaniagiza matandiko manne. Nikayashindilia sufi mpaka yakafura kama mito ya bwana harusi, nikayapakia kwenye basi, nikajipongeza kwa soda baridi. Wiki mbili baadaye simu ikalia: "Dogo, njoo uone mgongo wa mnyama wangu." Akatuma na picha. Kidonda sawa na kiganja, katikati kabisa ya mgongo. Anataka hela yake yote, shilingi 180,000. Hela yenyewe nishalipa kodi! Nikazima simu, nikapanda gari, nikamfuata mama mkubwa Sigi.

Nyie mnaodhani Usambara ni Lushoto tu, sikilizeni. Sigi iko Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, mlangoni mwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani iliyotangazwa mwaka 1997. Unatoka Muheza mjini joto likikuandama, mara miti mirefu inaziba anga na unasikia maji yakinguruma. Huo ndio Mto Sigi, unaojaza bwawa la Mabayani ambalo watu wa Tanga tunakunywa. Kumbe hata chai yangu ya mjini inatoka huku! Kutoka hapo njia inapanda kona kwa kona hadi Amani, karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari.

Getini utakuta nyumba ya zamani ya stesheni masta. Stesheni msituni? Ndiyo, bwana. Wajerumani walijenga reli nyembamba kutoka Tengeni hadi Sigi, ikakamilika 1910, kwa ajili ya kushushia magogo. Reli haipo tena, nyumba imebaki kupokea wageni.

Nikamuuliza mzee mmoja aliyekuwa amekaa pale, "Shikamoo babu. Kwani zamani hawakutumia farasi?"

"Marahaba. Farasi apite wapi, mjukuu wangu, na mbung'o je?"

Alinifunga mdomo. Mbung'o hueneza nagana, ndugu yake malale. David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, ndiye aliyeviona vimelea vyake huko Zululand mwaka 1895. Farasi akiupata hukonda mpaka kufa. Ndiyo maana kabla ya reli na magari, sehemu kubwa ya nchi hii mnyama wa mizigo alikuwa binadamu mwenyewe, mpagazi. Na huku Sigi bado utakutana na akina mama wakishuka mlima na mizigo kichwani, mgongo umenyooka kama mnazi.

Asubuhi yake mama mkubwa akaniambia nimsaidie mkungu wa ndizi kutoka shambani. Nikajitia kidume. Nikakusanya majani makavu ya mgomba, nikayakandamiza, nikayaweka utosini, nikabeba. Hatua hamsini tu, kichwa kinapasuka!

Mama mkubwa akautua mzigo, akachukua kile nilichotengeneza, akakigeuzageuza. "Hii ngata au chapati, mwanangu? Ngata lazima iwe na tundu. Utosi haubebi. Pembeni ndiko kunakobeba."

Nilisimama pale kama niliyepigwa shoti. Punda wa watu! Mimi nilimshonea chapati. Uti wa mgongo wake ndio uliokuwa ukibeba madumu yote, wakati nyama za mbavuni, zenye uwezo wa kubeba, zimekaa bure.

Usiku ule nikawasha simu. "Shikamoo mzee. Kosa ni langu. Mpumzishe huyo punda mpaka apone, na yale matandiko usiyatumie. Nakuja mwenyewe."

Kimya. Halafu, "Njoo na moja kwanza."

Nikashona mito miwili, mmoja kila upande, katikati nikaacha mfereji wa kupita vidole vinne. Arusha tukamtandika punda mzima, tukampakia, akatembea saa nzima. Kisha nikafungua niangalie jasho. Jasho likienea sawasawa, tandiko limekaa. Ukiona pakavu katikati ya majimaji, jua hapo pamebanwa. Na pakavu palikuwepo, bega la kushoto! Nikafumua hapo hapo, nikapunguza sufi, nikashona tena mzee akinitazama kama polisi.

Jioni akasema nitengeneze matatu yaliyobaki kwa gharama yangu, hela yake aache. Nimeshapeleka mawili. La nne linamngojea yule mwenye kidonda, na nimekatazwa kulipeleka kabla manyoya hayajaota.

Kwa hiyo msomaji wangu, ukipata nafasi nenda Sigi, ukaoge macho kwa kijani. Ila ukiombwa kubeba ndizi, acha tundu.