Tovuti ya Shangazi

Pale Makambako, si mbali na njia panda ambapo barabara ya Songea inaachana na ile kuu ya Dar es Salaam na Mbeya, kuna banda la shangazi yangu. Ukuta wake ni wa kijani. Una maandishi ya mistari minne: MICHE BORA YA PARACHICHI, namba ya simu, neno KARIBU, na chini kabisa, kwa herufi nyekundu, anwani ya tovuti. Huo mstari wa mwisho niliusimamia mwenyewe mwaka 2019. Nilimshikia fundi rangi ngazi, nikamsomea herufi moja moja. Aliniuliza mara tatu kama kweli hakuna nafasi kati ya maneno. “Sasa watu watasomaje?” Nikacheka. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikidhani najua watu wanavyosoma.

Najua hapa huwa tunazungumza vitabu. Nivumilieni leo. Na hii ni habari ya maandishi pia, na ya mtu aliyeandika kitu asichokitunza.

Nilianzia kwenye steshenari Njombe mjini. Njombe ilipokuwa mkoa mwaka 2012 ofisi ziliongezeka, na ofisi huzaa makaratasi. Nilitoa kopi, nilichapa barua za maombi ya kazi, nilipiga picha za pasipoti. Usiku, muda ambao bando lilikuwa rahisi, nilipakua video za kufundisha WordPress nikajifunza kutengeneza tovuti. Nilipoiva, au nilipodhani nimeiva, nikaanza kuzunguka na kompyuta begini: duka la pembejeo, gesti, saluni, mama wa maziwa ya mtindi, mzee wa mbao. Kila mlango niliingia na msemo uleule: biashara ni matangazo.

Mzee wa mbao alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye futi yake. “Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.” Kisha akaweka futi chini. “Wateja wangu nawajua kwa sura. Huyo wako wa kwenye intaneti, akinidhulumu nitamdai wapi? Na mimi nikimdhulumu, atanijia wapi?”

Nikamjibu kitu kuhusu dunia kuwa kijiji. Hata mimi sikukielewa vizuri. Mzee akarudi kwenye mbao zake.

Aliyenikubalia alikuwa shangazi, na nadhani alinikubalia kwa sababu ya damu. Kitalu chake kiko nje kidogo ya mji wa Njombe. Anaotesha mbegu za parachichi la kienyeji, na mche ukifikia unene wa penseli anaubebesha: anakata kilele, anapasua shina kidogo, anachomeka kikonyo cha Hass, anafunga kwa nailoni. Halafu anasubiri. Kutoka mbegu hadi mche wa kuuza ni kama mwaka mzima, ndiyo maana mteja wa miche mingi huagiza mapema na kutoa kianzio. Anayelipa leo analipia mti ambao hajauona. Macho hayamsaidii, maana mche wa Hass na mche wa kienyeji ukiwa mdogo hutautofautisha. Matunda utayaona baada ya miaka mitatu hivi, na hapo ndipo utajua kama uliuziwa ukweli. Kwa hiyo shangazi alikuwa anauza miche, lakini wateja walikuwa wananunua neno lake.

Banda la Makambako ni la kupokelea mizigo. Miche inashuka kutoka Njombe, kilomita kama sitini, inapangwa kwenye maboksi, inadakwa na mabasi: ya Iringa huku, ya Mbeya kule. Ya Songea hupakiwa hukohuko Njombe, lakini mawakala ni walewale na wanajuana wote.

“Shikamoo shangazi, nimeleta tovuti uione.”

“Marahaba baba. Haya, ilete.”

Nilimfungulia kwenye kompyuta. Juu kulikuwa na picha tatu zinazojigeuza zenyewe: shamba la parachichi lililonyooka kama limepigwa rula, milima ya buluu nyuma yake, mzungu ameshika tunda. Maelezo yote kwa Kiingereza. Nilijivunia sana zile picha zinazojigeuza.

Shangazi akatazama kimya. “Hili shamba la nani?”

“La mfano tu, shangazi.”

“Mteja akija akaniambia nipeleke kwenye lile shamba, nimpeleke wapi?”

Nikasema watu hawaangalii hivyo. Akatoa simu yake, akaniomba niifungue humo. Tukasubiri. Kioo kikabaki cheupe, kiduara kinazunguka. Akaenda kumwagilia mstari mmoja wa miche, akarudi, bado kinazunguka. Picha zangu zilikuwa nzito kupita kiasi. Nilikuwa nimetengeneza tovuti kwa ajili ya kompyuta ya steshenari, wakati mteja wake yuko Ludewa ana simu ya kioo kidogo na bando la mia tano.

Tukaanza upya, safari hii yeye akisema nami nikiandika. Kiswahili kitupu. Picha ya mikono yake na kisu. Picha ya kitalu kama kilivyo, na ndoo iliyovunjika pembeni. Bei ya mche, elfu tano, iandikwe wazi, maana alisema asiyeandika bei anangoja kukuangalia viatu. Namba ya simu iwe juu, mtu asihangaike kuitafuta. Kikonyo kinatoka mti gani na mti huo una miaka mingapi. Na maelekezo: ukishuka stendi ya Makambako, uliza banda la kijani. Nikaiweka sehemu yake kwenye ramani ya Google, nikamfungulia WhatsApp Business aweke orodha ya bidhaa zake. Ukurasa mzima ukawa mwepesi, ukafunguka hata mtandao ukiwa wa kusuasua.

Na ilifanya kazi, jamani. Simu zikaanza kuingia kutoka kwa watu wasiojulikana na mtu yeyote wa Njombe. Mwalimu mmoja wa Mbinga alisema alikuwa ametafuta “miche ya parachichi” usiku kitandani akamkuta shangazi. Statasi ya WhatsApp aliyokuwa akiweka kila siku ilimfikia anayemjua tayari, ikafutika kesho yake. Tovuti ilimfikia asiyemjua. Huo ndio mgawanyo wa kazi, na mpaka leo ndivyo ninavyowaeleza wafanyabiashara wanaoniuliza tovuti ya nini wakati wana simu.

Mwaka 2021 nikapata ajira Dar es Salaam. Nikaondoka na begi, kompyuta, na kitu kingine ambacho sikukihesabu kama mzigo.

Jina la tovuti halinunuliwi moja kwa moja kama kiwanja chenye hati. Majina yanayoishia na .tz yako chini ya TCRA, unayapata kupitia wasajili walioidhinishwa, na unayalipia kwa muda, kwa kawaida mwaka mmoja mmoja. Usipolipa, tovuti inazimika. Ukizidi kuchelewa, jina linaachiwa na mwingine anaweza kulichukua. Msajili hukukumbusha kwa barua pepe. Jina la shangazi nilikuwa nimelisajili kwa jina langu na kwa barua pepe yangu, ile ya zamani, iliyofungwa kwa laini niliyoipoteza Kariakoo. Sikuwa na nia mbaya. Siku ile ilikuwa rahisi kuandika yangu kuliko kumweleza yeye barua pepe ni nini. Nikikumbuka hilo “rahisi” huwa naona aibu.

Miezi ya mwisho ya 2022, mvua zikiwa zimekaribia, mteja wa Songea alikuwa amelipa nusu ya miche mia tatu. Wiki hiyo shangazi akafiwa, akaenda msibani upande wa Lupembe, kwenye kijiji ambacho mtandao unaupata ukipanda mlima. Yule bwana akapiga simu siku ya kwanza, haipatikani. Siku ya pili, haipatikani. Akafungua tovuti aone kama kuna namba nyingine. Haipo. Jina limeisha muda wake.

Ebu jiweke mahali pake. Umetuma laki saba na nusu kwa mwanamke uliyemjua mtandaoni. Simu imezimwa, na sasa hata ule mtandao umeyeyuka. Kila Mtanzania mwenye simu ameshapokea ujumbe wa “ile hela itume kwenye namba hii”. Angewaza nini? Akampigia wakala wa mabasi Makambako: yule mama wa miche ni tapeli, kafunga mtandao wake kakimbia.

Makambako ni njia panda. Neno likidondoka pale asubuhi, jioni liko Tunduma. Shangazi alishuka kutoka msibani, khanga ya msiba bado kiunoni, akaisikia habari yake mwenyewe kwa dereva wa bodaboda, aliyeileta kama utani. “Mama, kumbe umerudi? Walisema umetoroka.” Miaka zaidi ya ishirini anafanya biashara pale. Hakwenda hata nyumbani kupumzika. Alipakia maboksi, akapanda basi, akayapeleka Songea mwenyewe mpaka mlangoni kwa mteja. Yule bwana aliomba radhi, akalipa nusu iliyobaki, akampa na kuku. Lakini radhi iliishia mlangoni kwake, na lile neno lilikuwa limeshapanda mabasi mengine. Kuna wateja wawili waliokuwa wameahidi kianzio ambao hawakupiga tena.

Alinipigia usiku. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Akaongea taratibu, kama anayeulizia bei.

“Baba, hivi lile jina liliandikishwa kwa nani?”

“Kwangu, shangazi.”

“Na ukuta ule ni wa nani?”

“Wako.”

“Kumbe uliandika jina lako kwenye ukuta wangu.”

Sikuwa na la kujibu. Ada ya mwaka ya jina lile haikufika bei ya miche kumi.

Nikamkumbuka mzee wa mbao. Mimi nikimdhulumu, atanijia wapi? Nilikuwa nimelichukulia kama swali la mtu aliyeachwa nyuma, kumbe ndilo swali lenyewe. Tangazo lolote ni ahadi kwamba mtu ataendelea kuwepo mahali alipojitangaza. Ukuta wa Makambako unatimiza hilo kwa kusimama tu. Tovuti haisimami yenyewe. Kuna mtu anayeishikilia kila mwaka, na mtu huyo ndiye mwenye mlango, hata kama jina lililoandikwa mlangoni ni la mwingine.

Wala si mimi peke yangu niliyewahi kuzima taa za watu. Kampuni ya Yahoo ilifunga GeoCities mwaka 2009, na kurasa za watu wengi sana zikaenda nayo. Machi 2024 Google wakazima tovuti za bure walizokuwa wakiwapa wafanyabiashara wadogo kupitia huduma yao ya ramani. Tofauti ni kwamba Google walitoa taarifa kabla. Mimi sikutoa.

Jina tuliliwahi kabla halijachukuliwa. Nikapanda basi mpaka Njombe, tukakaa kwenye benchi la kitalu, tukalihamishia kwake: jina lake kamili, namba yake ya simu, barua pepe yake aliyoichagulia neno la siri mwenyewe na kukataa kunionyesha. Kisha akaleta daftari analoandikia miche, lenye safu za tarehe ya kuotesha, tarehe ya kubebesha, idadi iliyokufa. Akafungua ukurasa mpya. Jina la msajili. Tarehe ya kulipa. Kiasi. Namba ya kupiga nikiwa sipatikani, au nikiwa nimekufa. Hilo la mwisho alilisema bila kupepesa, na akanisubiri niandike.

Siku hizi sikabidhi kazi ya mtu bila daftari la namna hiyo. Wapo wanaoniona nachelewesha. Wapo vijana wenzangu wa kazi hii wanaoniambia waziwazi kwamba mteja akishakuwa na funguo zote atakukimbia. Labda. Wangu wawili wamenikimbia kweli, na tovuti zao zinafunguka mpaka leo.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikalala nchi nzima. Siku iliyofuata nilimpigia shangazi kumpa pole. Akaniuliza pole ya nini. Kuna watu watatu walishapiga, wamesoma namba ukutani basi lilipopunguza mwendo.

“Kwa hiyo tovuti tuifute?” nikamtania.

“Uifute ya nini? Mtu wa Mbinga anauona ukuta?”

Mwaka huu amepaka upya kijani, na fundi ni yuleyule. Anwani nyekundu imebaki, ila shangazi aliagiza kitu kimoja: sehemu ambazo maneno yanakutana, herufi zibadilishwe rangi, moja nyekundu, linalofuata jeupe, ili watu wasome. Wiki iliyopita akanipigia asubuhi na mapema.

“Baba, ile hela ya jina nimeshalipa. Na wewe, ya kwako umelipa?”

Nikaenda kuangalia. Zilikuwa zimebaki siku nne.