Mawe ya Gabbar Singh

Msomaji, ukijaliwa kufika Bengaluru, kusini mwa India, panda basi au gari moshi liendalo Mysuru. Baada ya kilomita 50 hivi utaona vilima vya mawe matupu, makubwa ajabu. Hapo ni Ramanagara, mji unaosifika kwa soko la hariri. Lakini mgeni aliyekulia kwenye sinema za Kihindi haulizii hariri. Anaulizia maskani ya jambazi.

Kama wazazi wako walikuwa wakienda sinema ya Shan, pale Ngara, waulize habari za Gabbar Singh. Ni katika mawe haya ndiko ilikopigwa Sholay kuanzia 1973, ikatoka Agosti 1975. Jina liliazimwa kwa mnyang'anyi wa kweli aliyetisha watu wa Chambal, mbali huko kaskazini, miaka ya 1950.

Ndani ya filamu Gabbar hujigamba kwamba kina mama wa vijiji vya mbali huwanyamazisha watoto kwa jina lake. Aliyemwigiza, Amjad Khan, hakuwa na jina wakati huo, na kuna waliohofia kuwa sauti yake ni nyembamba mno kwa jambazi. Sauti hiyo hiyo ndiyo iliyokaririwa! Dharmendra na Amitabh Bachchan walikuwemo, lakini santuri za mazungumzo zilipouzwa, vijana walishika maneno ya Gabbar. Halafu kampuni ya Britannia ikamtumia kutangaza biskuti za glukosi. Naam, biskuti za watoto.

Awali, Gabbar aliuawa mwishoni na Thakur, afisa mstaafu wa polisi ambaye Gabbar alikuwa amemkata mikono yote miwili. Wadhibiti wa filamu wakakataa: polisi hawezi kujichukulia sheria mkononi. Basi Gabbar akatiwa pingu tu. Kwangu mimi, walimfanyia hisani kubwa.

Usitafute kijiji cha Ramgarh ulichokiona kwenye filamu. Kilijengwa kwa ajili ya kamera, kikabomolewa. Mawe ndiyo yaliyobaki, na tangu 2012 kilima cha Ramadevara ni hifadhi ya tumbusi, ndege ambao India imepoteza wengi mno. Hutaga kwenye majabali yale yale, na kelele huwafukuza viotani. Kwa hiyo ukishikwa na hamu ya kuangua kicheko cha Gabbar ukiwa huko juu, kicheke chini kwa chini.