Tuliuliza ya mtoto, tukasahau ya mama

Wakati wa korona, mja mzito akikohoa mtaani kwetu, swali lilikuwa moja tu: "Na mtoto je, ameshikwa?" Si shangazi, si majirani wa barazani, si sisi vijana kwenye magrupu ya WhatsApp. Sote tulikuwa twaliangalia tumbo. Mwenye tumbo hakuna aliyemuuliza kama apumua vizuri.

Mimi naona swali letu ndilo lililokuwa na kasoro. Manake virusi vya korona kupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto aliye tumboni ni jambo linalotokea mara chache. Hatari kubwa kwa mtoto ilipitia kwengine kabisa: ilipitia kwenye afya ya mamake.

Hebu fikiria. Mimba ikikua, tumbo lasukuma mapafu juu na nafasi ya kupumua yapungua. Wakati huo huo, mwili wataka oksijeni zaidi, manake watu ni wawili. Damu nayo huwa nyepesi kuganda. Sasa mletee mtu huyo ugonjwa unaoshambulia mapafu na kugandisha damu. Si mchezo. Mwaka 2021 utafiti wa INTERCOVID, uliofuatilia wanawake zaidi ya 2,000 katika nchi 18, ulionyesha kuwa waja wazito walioambukizwa walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kulazwa chumba cha wagonjwa mahututi, kupata presha ya mimba ile inayoleta kifafa cha mimba, kuzaa njiti, na hata kufa, kuliko wenzao wasioambukizwa.

Kuna pia kondo la nyuma, ambalo ndilo linalompa mtoto chakula na hewa. Likiharibika, mtoto anaweza kufia tumboni bila yeye mwenyewe kuwa na kirusi. Taasisi ya CDC ya Marekani iliangalia uzazi zaidi ya milioni 1.2 wa kutoka Machi 2020 hadi Septemba 2021. Kwa akina mama waliokuwa na korona wakati wa kujifungua, takriban uzazi 1 kati ya 80 ulikuwa wa mtoto aliyezaliwa mfu. Kwa wasiokuwa nayo, 1 kati ya 155. Kilipokuja kirusi cha Delta, pengo likazidi.

Sasa turudi hapa kisiwani. Tarehe 6 Mei 2020, katikati ya Ramadhani, serikali ilifunga Mji wa Kale siku moja na Eastleigh kule Nairobi. Hakuna kuingia, hakuna kutoka. Juu ya hayo kulikuwa na kafyu, saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Idi ikatukuta ndani. Mtaa ulifunguliwa mapema Juni.

Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi minane, sisi tukikaa Kibokoni. Kliniki alikosa mara mbili. Si kwa uvivu, wallahi. Aliogopa. Siku zile ukienda hospitali na kikohozi, mtaa mzima washajua umeenda kupimwa korona, na watu walikuwa wameshasikia ya wale waliotiwa karantini kisha wakadaiwa pesa. Nyumbani tukaona heri akae. Alijifungua salama, alhamdulillahi. Lakini nikisoma haya leo mwili wanisisimka, kwa sababu presha ya mimba mara nyingi haina dalili mwanzoni. Waijua kwa kupimwa tu. Na kupimwa ndiko huko kliniki.

Na usiku je? Kwa sheria, mgonjwa wa dharura aliruhusiwa kupita. Lakini sote tuliona ya feri ya Likoni tarehe 27 Machi, siku ya kwanza ya kafyu, polisi wakiwarushia watu vitoa machozi. Dereva gani wa tuktuk angetoka saa sita za usiku kwa roho safi? Nairobi, Dkt. Jemimah Kariuki, daktari wa uzazi, aliliona tatizo hili akaanzisha Wheels for Life: mja mzito alipiga simu, akaongea na daktari, na ikiwa ni dharura alitumiwa gari bure. Huyo aliuliza swali lenyewe: mama atafikaje?

Halafu kuna arobaini. Mila yetu nzuri, mzazi akandwa, anywe uji wa pilipili manga, apumzike. Lakini arobaini pia ni nyumba kujaa mashangazi, kila mmoja ataka kumbusu mtoto. Kwa ugonjwa wa hewa, hilo ni tatizo kuliko maziwa ya mama. Na cha kushangaza ni kwamba maziwa ndiyo yaliyoogopwa! Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu 2020 kuwa mama mwenye korona anyonyeshe, avae barakoa, anawe mikono, na amweke mtoto kifuani ngozi kwa ngozi. Maziwa hayo hubeba kingamwili.

Chanjo nayo ilipoanza Kenya Machi 2021, uvumi ukatangulia: eti yaharibu kizazi. Scotland walipohesabu, asilimia 98 ya waja wazito wenye korona waliolazwa wakiwa mahututi walikuwa hawajachanjwa. Ushahidi wa kizazi kuharibika haukupatikana.

Korona imepoa, najua. Lakini maradhi mengine yatakuja, na waja wazito watakuwepo. Kwa hivyo wewe kijana mwenzangu, mwenye dada, mke au wifi mwenye mimba: jua tarehe zake za kliniki. Uwe na namba ya tuktuk ambaye atakuja usiku. Akilalamika kichwa kinauma sana, macho yaona ukungu, uso umevimba au pumzi zakatika, usimwambie "ni mimba tu." Mpeleke. Wageni wenye mafua waambie warudi wiki ijayo, hata kama ni shangazi.

Mtoto wa tumboni ana daktari mmoja wa karibu sana, naye ni mamake. Huyo akiwa mzima, mtoto yuko kwenye mikono mizuri.