Bustani za Ilford Nilizozijua kwa Sababu ya Mama

Nilikuwa nimeishi Ilford, mashariki mwa London, kwa miaka minne kabla mama yangu hajaja kututembelea kutoka Tanga. Ungeniuliza wakati ule Ilford kuna nini, ningekutajia stesheni ya treni, bucha la nyama ya halali, duka linalouza mihogo na bamia, shule ya binti yangu na basi la kwenda kazini. Sikuwa na zaidi. Kila siku basi lilipita kando ya Valentines Park, mimi nimekaa ghorofa ya juu nimefumba macho, ama nakwenda zamu ya usiku ama narudi.

Mama alifika mwezi wa Machi kwa viza ya miezi sita. Wiki ya kwanza ilikuwa furaha tupu: binti yangu hakutaka kulala bila bibi yake, na nyumba nzima ilinukia mchuzi wa nazi. Wiki ya pili mume wangu alirudi kazini, mtoto akaenda shule, na mimi nikarudi kwenye zamu zangu za usiku. Asubuhi nikifika nilimwamkia, nikanywa chai, nikalala hadi saa nane mchana. Sikujiuliza mama anafanya nini saa zote hizo.

Siku moja niliamka mapema, koo limekauka. Nikamkuta amekaa dirishani, mtandio kichwani, mikono mapajani. Televisheni imezimwa. Redio imezimwa. Hata vyombo hakuosha, maana maji yangepiga kelele.

"Mama, mbona umekaa hivyo?"

"Umelala, mwanangu. Sikutaka nikuamshe." Kisha akacheka kidogo. "Toka asubuhi yamepita mabasi arobaini na moja. Mawili yalikuwa matupu."

Nikatazama miguu yake. Vifundo vyote viwili vilikuwa vimevimba. Nikampima presha, ilikuwa sawa. Nikamuuliza maswali ninayowauliza wagonjwa, akajibu yote, halafu akasema: "Mie siumwi. Nitafutie tiketi nirudi nyumbani. Nimekuona, nimemwona mjukuu, namshukuru Mungu. Lakini mie si mtu wa kuwekwa kabatini."

Maneno yale yalinichoma, kwa sababu kazini kwangu wengi ninaowauguza ni wazee. Kila siku nawaambia: inuka, kaa kitini, tembea hadi mlangoni. Mtu akilala au kukaa muda mrefu misuli hunyong'onyea, damu huzembea miguuni, moyo nao huingia unyonge. Nilisoma hayo nikichukua diploma nyumbani, nikayasoma tena kwenye shahada hapa. Nikawainua watu wa wenzangu, nikamwacha mama yangu dirishani.

Nikamwambia, "Vaa koti, tunatoka."

"Tunakwenda wapi?"

"Bustanini."

"Kuna nini huko?"

Sikuwa na jibu, kwa kuwa sijawahi kuingia.

Valentines Park

Ukishuka stesheni ya Gants Hill kwenye reli ya Central, ni mwendo mfupi tu kwa miguu. Kutoka katikati ya Ilford unafuata Cranbrook Road. Hakuna kiingilio. Bustani ina zaidi ya hekta 50, na sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa kwa wananchi mwaka 1899. Kuna ziwa la mashua, uwanja wa michezo wa watoto, mkahawa, bustani ya mboga iliyozungushiwa ukuta, na jumba la kale lililojengwa miaka ya 1690. Karne ya 18 jumba hilo lilikaliwa na Charles Raymond, aliyewahi kuwa nahodha wa meli za Kampuni ya Uhindi Mashariki. Nilipomweleza mama, aliitazama nyumba juu hadi chini, akasema, "Basi na bahari yetu imo humu."

Siku ile ya kwanza tulitembea dakika kumi, tukakaa. Mama hakufurahi. Miti ilikuwa haijachipua. "Mtu anatoka nyumbani kwake kuja kukaa chini ya mti usio na embe wala jani?" Upepo ulikuwa mkali. Kisha akaja mbwa mkubwa, hana kamba, akamkimbilia mama moja kwa moja. Mama akakusanya buibui lake, akapanda juu ya benchi kama msichana wa miaka kumi na mitano. Mwenye mbwa akacheka, akasema mbwa wake hana neno. Nilidhani safari zetu zimeishia pale.

Lakini njia nzima ya kurudi mama alikuwa akicheka peke yake, na jioni alimsimulia mjukuu wake mara tatu, kila mara mbwa akizidi kuwa mkubwa. Asubuhi ya pili, nilipoingia kutoka zamu, nilimkuta ameshavaa koti. "Lala kwanza," akaniambia. "Ukiamka twende. Lakini tukae kule kwenye watoto, mbwa hawaingii."

Ndivyo tulivyoanza. Dakika kumi zikawa ishirini, ishirini zikawa saa nzima. Tuliyahesabu mabenchi: kutoka getini hadi ziwani alipumzika mara nne, kufikia mwezi wa Mei mara moja. Uvimbe wa miguu ukapungua. Hapa niseme jambo kama muuguzi: vifundo vya mama vilivimba vyote kwa pamoja, bila maumivu, kwa kukaa sana. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, hasa baada ya safari ndefu ya ndege, hilo si la bustani, ni la hospitali siku hiyo hiyo. Na uvimbe usiopungua, au unaokuja na kupumua kwa shida, usiusubirishe.

Jambo la pili ni jua. Uingereza, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua halina nguvu ya kuutengenezea mwili vitamini D ya kutosha. Ushauri wa afya hapa ni kwamba watu wenye ngozi nyeusi kama sisi, na wanaofunika sehemu kubwa ya mwili, wafikirie kumeza maikrogramu 10 kila siku mwaka mzima. Kutembea kuna faida zake nyingi, lakini msidhani kutembea peke yake kunatosha kwa hilo.

Kilichombadilisha mama zaidi, hata hivyo, ni salamu. Nyumbani Ngamiani hukaa barazani jioni, na kila anayepita humsalimu. Hapa aliona watu hawasalimiani. Bustanini akaanza yeye. Kiingereza chake ni "good morning" hata ikiwa alasiri, na watu waliitikia. Akapata shoga, bibi wa Kipunjabi aliyekuwa anatembea na fimbo. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Walikaa benchi moja, wakaonyeshana picha za wajukuu kwenye simu, wakagawana karanga. Siku shoga huyo asipotokea, mama alirudi nyumbani kimya.

Wanstead Park na Wanstead Flats

Mwisho wa Aprili mwenzangu wa kazini aliniambia tusikose kwenda Wanstead Park. Unashuka stesheni ya Wanstead, reli ile ile ya Central, kisha unatembea. Palikuwa na kasri kubwa huko, lakini lilibomolewa miaka ya 1820 baada ya mume wa mrithi kuteketeza mali ya mkewe kwa madeni. Bustani ilifunguliwa kwa umma mwaka 1882, nayo ni sehemu ya msitu wa Epping. Mama aliposikia habari ya mume yule alitaka kujua jina lake, ili amlaani vizuri.

Sehemu ya miti iitwayo Chalet Wood hufunikwa kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei na maua madogo ya buluu yenye umbo la kengele. Ardhi yote inakuwa buluu. Magogo yamelazwa kando ya vijia ili watu wasiyakanyage maua, kwa hiyo waambieni watoto wasiingie ndani kupiga picha. Binti yangu alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Mama akasema "Subhanallah", akatandika mswala pembeni ya njia na kuswali alasiri. Watu walipita taratibu, hakuna aliyesema lolote.

Mwezi wa Agosti tulirudi upande wa Wanstead Flats, uwanda mpana wa nyasi. Kwenye vichaka vya miiba yalikuwa yameiva matunda madogo meusi, na wapitaji walikuwa wakiyachuma kidogo kidogo. Mama aliyekuwa akilalamika tangu Machi kwamba miti ya Wazungu haizai, akapandisha mikono ya baibui, akachuma hadi vidole vikawa vyeusi. Tulirudi na bakuli moja, akayapika na sukari. Tahadhari: matunda mnayoyajua, sawa, kiasi cha kula tu. Uyoga msichume kabisa. Katika msitu wa Epping umekatazwa, na mwingine una sumu.

Hainault na Fairlop

Mkiwa na watoto wenye nguvu nyingi, nendeni Hainault Forest. Kuna ziwa, wanyama wa shambani na njia ndefu za msituni. Vaeni viatu vya kupiga tope, maana mvua ikinyesha udongo wake unashika kama ugali. Msitu huu una historia ya uchungu: mwaka 1851 Bunge lilipitisha sheria ya kuuondolea hadhi ya msitu wa mfalme, na sehemu kubwa ikakatwa upesi ili iwe mashamba. Kipande kilichobaki kiliokolewa baada ya wananchi kukipigania, kikafunguliwa kwa watu wote mwaka 1906. Kila nikiingia humo nakumbuka kwamba kivuli hiki si cha bure, kuna waliokitetea.

Fairlop Waters, karibu na stesheni ya Fairlop, nako ni kuzuri kwa baiskeli, kwa sababu njia zake ni tambarare. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia palikuwa uwanja wa ndege za kivita. Leo ni ziwa na mabata. Binti yangu alijifunza baiskeli pale, bibi yake akimkimbilia nyuma. Mwezi wa Machi nisingeamini kama mama angekimbia.

Kabla hamjatoka

Jueni choo kiko wapi kabla hamjamtoa mzee nyumbani, kwa sababu wengi hukataa kutoka kwa hofu hiyo tu na hawasemi. Bebeni chupa ya chai na kitu cha kukalia, mabenchi huwa na umande. Someni kibao cha getini, maana baadhi ya bustani hufungwa jua likizama, na wakati wa baridi jua huzama saa kumi alasiri. Mbwa akiwajia, simameni tuli, msikimbie, na mwombeni mwenyewe amshike. Hampaswi kuona haya kuomba.

Na anzeni na dakika kumi.

Wiki ya mwisho kabla mama hajaondoka tulirudi Valentines. Nilikuwa nimesoma habari ya mzabibu uliokuwa ukikua pale zamani. Mwaka 1768 kipande chake kilichukuliwa, kikapandwa kwenye kasri la Hampton Court, upande mwingine kabisa wa London. Kile kipande kipo hadi leo, na kwa kawaida kila mwaka huzaa zaidi ya kilo 200 za zabibu nyeusi. Ule mzabibu mama, wa Valentines, ulikufa zamani.

Nilimsimulia kama habari ya kupitisha muda. Mama alikaa kimya, anatazama maji.

"Kwa hiyo mtoto anazaa huko alikopelekwa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Si vibaya." Kisha baada ya muda: "Lakini mama yake hakuzionja hizo zabibu."

Sikujua la kumjibu. Nilikuwa na miaka minne ya kutuma pesa kila mwisho wa mwezi na kupiga simu kila Ijumaa, nikidhani hesabu imekamilika. Nikamshika mkono. Tukakaa hadi upepo ukawa wa baridi.

Aliondoka Septemba. Sasa akipiga simu haulizi kazi kwanza, anauliza bustani. Anataka kujua kama shoga yake yupo, kama maji ya ziwa yameganda, kama mtoto anapelekwa. Zamani ningemdanganya. Sasa siwezi, kwa sababu binti yangu hunyakua simu na kusema kweli yote.

Kwa hiyo nikitoka zamu ya usiku siku hizi nashuka kituo kimoja kabla, napita ndani ya bustani nusu saa kabla ya kwenda kulala. Nakaa kwenye benchi lao. Yule bibi wa Kipunjabi akinikuta hunyoosha kidole kuelekea mbinguni, akafanya kwa mkono kama ndege inayoruka, kisha hunitazama akisubiri. Nami humwonyesha kwa vidole miezi iliyobaki, maana tumeshaomba viza nyingine, na nimeomba likizo yangu ya mwaka yote kwa mwezi atakaofika.