Nanyonyesha Penye Watu

Mtoto wangu wa kwanza nilimnyonyesha kwa kujificha. Stendi ya Mpanda nilikuwa namfunika khanga gubigubi katika joto la Oktoba, naye analowa jasho, anaachia titi, analia. Sokoni naomba stoo ya mtu, nakaa juu ya magunia ya mchele. Ofisini ndiko kulikuwa kugumu zaidi. Nililetewa mtoto mara moja tu, nikaambiwa pale si mahali pa kutoa titi, wanaume wapo. Tangu siku ile nikawa nasubiri jioni, kifua kimejaa mpaka blauzi inalowa.

Nikifika nyumbani naambiwa nikamue kwanza nimwage, eti maziwa yaliyolala titini yatamuumiza mtoto tumbo. Nikamwaga. Hata miezi minne haijaisha maziwa yakapungua, tukaanza kumpa uji.

Mimba ya pili nilikutana kliniki na muuguzi mmoja mwenye maneno machache. Alinieleza kwamba titi hutengeneza maziwa kadiri linavyonyonywa. Likiachwa limejaa saa nyingi, siku baada ya siku, mwili nao unapunguza. Maziwa hayachachi yakiwa kifuani. Na mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji uji wala maji. Baada ya hapo anaanza vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili na zaidi. Kisha akaniuliza, "Sasa mama, nani alikutuma ujifiche?"

Nililifikiria swali hilo njia nzima. Bibi yangu alinyonyesha kisimani, msibani, kanisani katikati ya mahubiri, na sikumbuki mtu kugeuza shingo. Kwetu kijijini titi la mama mwenye mtoto ni chakula cha mtoto. Aibu niliikuta mjini, pamoja na ajira.

Wa pili alipozaliwa nilirudi kazini nikiwa nimeisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 33 kinampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kinasema pia kwamba mwajiri amruhusu anayenyonyesha kufanya hivyo ndani ya muda wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Nilikwenda kwa bosi na karatasi mkononi, sauti ikitetemeka. Alisoma, akakubali.

Watu wa nje hawana kifungu. Kwenye foleni ya benki kijana mmoja aliniambia, "Dada, jisitiri, hapa kuna watu wazima." Nikamjibu, "Na huyu ana njaa, kaka yangu." Nikaendelea. Mume wangu mwanzoni alikuwa akitazama pembeni, siku hizi mtoto akilia tukiwa safarini, yeye ndiye anayesema, "Mpe mtoto anyonye."

Najua si Mpanda pekee. Tarehe 7 Agosti 2019, siku ya mwisho ya Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, Zuleikha Hassan, mbunge mwakilishi wa wanawake wa Kwale, aliamriwa kutoka bungeni Nairobi kwa kuingia na mtoto wake wa miezi mitano. Mbunge mzima! Iliniuma kana kwamba nimetolewa mimi.

Lakini ninaowawazia zaidi ni kina mama wanaouza dagaa na migebuka sokoni kwetu. Hawana bosi wa kumpelekea karatasi, wala saa mbili za kisheria. Wananyonyesha huku wanapima samaki, na mteja akikunja uso, fedha ya siku hiyo imepungua. Mimi nikienda kununua nawachagua wenye watoto mgongoni. Mtoto akianza kulia nasema, "Mnyonyeshe kwanza dada, mimi nasubiri," na nasema kwa sauti, ili na walio nyuma yangu wasubiri.